Mfumo Ni Mimi

Kabla hajaitwa Mama Mfumo alikuwa anaitwa fundi tu, yule fundi wa kompyuta wa chumba cha mwisho, mwenye kicheko kinachosikika mpaka ghorofa ya juu. Jina hili la sasa alijibatiza mwenyewe, kwa mdomo wake, na siku hiyo hakuwa na kicheko hata cha dawa.

Ilikuwa asubuhi. Mapokezi ya maabara yalijaa watu wa kila namna: wenye pamba mkononi baada ya kutolewa damu, wenye vikopo walivyovificha kwenye mifuko kwa aibu, wenye watoto wanaolilia sindano ambayo hata haijatoka kwenye karatasi yake. Fundi alikuwa chini ya meza ya mapokezi anachomeka upya waya wa printa. Akasikia viatu vinakuja kwa kasi, vikasimama karibu na kichwa chake.

"Nani aliyenitumia hii?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Dada wa mapokezi akaangalia simu aliyonyooshewa. "Ni mfumo, mama. Majibu yakiwa tayari unatuma wenyewe."

"Huyo Mfumo ni nani? Yuko chumba gani? Niitie."

"Mama, mfumo si mtu..."

"Nimesoma kwamba nina saratani nikiwa kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu anaeleza habari za sare. Katikati ya watu, dada! Sasa kuna mtu amenitumia hii. Niitie."

Dada wa mapokezi akamrudishia simu yake. Na fundi, kule chini ya meza, angeweza kabisa kubaki alipo. Nani angejua? Mimi na wewe tungebaki, tusidanganyane. Lakini fundi huyu ana kichwa chake peke yake. Alitambaa akatoka, vumbi magotini, waya bado mkononi, akasimama mbele ya yule mama.

"Mfumo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeutengeneza."

Yule mama alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye vumbi la magoti. Kama angemzaba kofi, kofi lenyewe lingekuwa halali yake. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, "Hukuweza kunipigia tu?"

Fundi aliuweka waya mezani. Alimshika mkono akampeleka kwa daktari, akaingia naye, akatoka naye. Kumbe ugonjwa ulikuwa umewahiwa, na dawa zake zipo. Daktari alieleza hayo kwa maneno machache, yule mama akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu shuleni. Maneno yaleyale machache angeweza kuyasikia kwanza, kabla ya lile neno moja baya. Hilo ndilo lililompandisha fundi hasira, na hasira zake, nakwambia, hazijui kushuka mapema.

Kufika mchana jengo zima lilikuwa linamwita Mama Mfumo. Walianza kwa utani. Yeye akaitika, basi, utani ukawa jina.

Sasa usije ukadhani nakusimulia habari za mtu mzembe. Mama Mfumo alifanya kazi miaka mingi ndani ya maabara yenyewe, na koti jeupe, kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, na huo mfumo aliusuka hatua kwa hatua kwa mikono yake. Mashine inapima. Mtaalamu anahakiki. Jibu linapanda kwenye kompyuta za kukodi zilizoko huko mbali, ambazo wenyewe wanaziita wingu, linaokota namba ya simu ya mgonjwa, linamshukia mkononi. Hakuna anayegusa kitu njiani. Zamani watu walikuwa wanarudi na kurudi kufuata karatasi, wengine wametoka mbali, wanaambiwa njoo kesho, kesho yenyewe wanaambiwa mwenye funguo hayupo. Mfumo uliwatoa kwenye mateso hayo, na yeye alitembea kifua mbele kwa sababu hiyo, na alistahili.

Mkurugenzi ndiye aliyeupenda kupita kiasi. Alibandika ukutani bango la MAJIBU PAPO HAPO, herufi kubwa kiasi kwamba hata aliyekuja kupima macho aliziona. Wafanyakazi, watu wasio na dogo, wakambandika na yeye jina la Bwana Papo Hapo. Hakuchukia. Nadhani alidhani ni sifa.

Mama Mfumo alimfuata ofisini siku ileile. "Kuna majibu inabidi yangoje kidogo kabla ya kwenda," akamwambia. "Mtu apigiwe simu kwanza, aambiwe na binadamu."

Bwana Papo Hapo alikuwa na simu sikioni na nyingine mkononi. "Tutaona," akasema.

Hiyo "tutaona" ya bosi kila mtu anaijua, ni hapana iliyovaa tai. Mama Mfumo aliijua vizuri kuliko wengi. Aliamua tu kuichukua kama ndiyo, akafunga mlango taratibu kabla mwenyewe hajafafanua.

Akashuka chumba cha sindano kumtafuta Sista, muuguzi mmoja wa sauti ya chini ambaye hata watoto wakorofi walimpa mkono wenyewe. Wakakubaliana hivi. Majibu ya kawaida yaende kama yalivyokuwa yanakwenda, hapohapo, bila kuchelewa. Lile ambalo daktari amelitia alama nyekundu ya habari nzito lisimame. Kama limetoka jioni, lisimame mpaka asubuhi, kwa sababu jioni mtu akisoma hana wa kumuuliza. Asubuhi Sista anapiga simu, anaongea na mwenyewe, akishamaliza analiachia jibu liende. Na kama simu haipokelewi, ikifika saa sita mchana jibu linakwenda lenyewe, maana mwili ni wa mwenyewe na habari ni yake, hakuna mwenye haki ya kumkalia nayo.

"Na mimi nani atanifanyia zamu yangu ya sindano?" Sista akauliza.

"Nitawashika wagonjwa, wewe utawachoma wakati unapiga simu."

Sista alicheka, akahamishia kiti chake chumba cha mwisho.

Hatua yenyewe ya kungoja ni kitu kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta unaona visanduku vimeungwa kwa mishale, kimoja baada ya kingine, na katikati yake unapachika kisanduku kingine chenye picha ya saa. Unakiandikia: simama hapa mpaka wakati fulani, halafu endelea. Umemaliza. Mama Mfumo alikipachika jioni, akakitazama kwa furaha, akazima taa, akaenda zake nyumbani. Na hapo, jamani, ndipo alipoharibu.

Kosa lake lilikuwa hili. Mfumo unayachukua majibu kwa mafungu, kisha unayapitisha mlangoni moja moja: hili limepita, lete jingine. Saa yake aliipachika mlangoni. Alitakiwa ayatoe yale mekundu yakae pembeni kwanza, halafu ndipo ayawekee saa huko. Basi likaja jekundu moja, likasimama mlangoni kama lilivyoagizwa, na nyuma yake kila kitu kikasimama: ujauzito, malaria, sukari, choo cha mtoto, kundi la damu la bwana harusi. Kufumba na kufumbua asubuhi ya kesho yake, mapokezi hapakuwa na pa kukanyaga. Mwanaume mmoja mwenye safari alikuwa anapiga kelele kwamba ndege haimsubiri. Bibi mmoja alikuwa anauliza kila anayepita sukari yake imekwama wapi.

"Mama Mfumo!" dada wa mapokezi alipiga simu kwa sauti ya kilio. "Ngoja yako inaniua huku!"

Alivyoliona kosa alijipiga kibao cha paji la uso hadi Sista akageuka. "Mjinga mimi! Mjinga wa mwisho!" Vidole vyake vikaanza kukimbia. Akayatoa mekundu yakakaa pembeni, akaihamishia saa hukohuko, mlango ukawa wazi. Majibu yaliyorundikana yakamwagika kwenye simu za watu kwa mpigo mmoja, na pale mapokezi zikasikika simu zikilia mfululizo, kisha watu wakaanza kuondoka.

Lakini Bwana Papo Hapo alikuwa ameshashuka ngazi na ameshaona.

Alimkuta bado yuko kwenye kiti, jasho linamtiririka. "Iondoe," akasema.

"Kosa ni langu, bosi, niliiweka mahali pabaya. Nimeshaihamisha. Haitazuia tena..."

"Sikusema uihamishe. Nimesema uiondoe."

Nimtendee haki huyu bwana, maana hakuwa mtu mbaya. Alivuta pumzi akaeleza, na alichoeleza kilikuwa na kichwa na miguu. Mgonjwa ametoa damu yake, jibu ni lake, sisi ni nani tumfiche hata kwa usiku mmoja? Kuna watu kungoja kunawatesa kuliko kujua. "Mimi mwenyewe," akasema, "nilipopimwa moyo nilikaa siku nzima nimeshika simu. Nilitamani kuwavunjia mlango."

"Na walipokuambia, walikuambiaje?" Mama Mfumo akauliza.

"Daktari alinipigia."

"Enhe."

Bwana Papo Hapo alikunja uso. Hakupenda ile "enhe", na kweli haikuwa na adabu nyingi. "Hiyo ni habari nyingine. Hapa tumeahidi watu majibu papo hapo, bango lipo ukutani. Wakianza kusema tunachelewesha, tumekwisha. Ondoa."

"Siondoi."

Sista, kwenye kona yake, aliacha kuandika.

"Unasemaje?"

"Nasema siondoi, bosi. Nikosoe, nikaripie, nilipokosea nimekosea na nimerekebisha. Lakini hiyo ngoja ina watu ndani yake. Kwa sababu yangu yule mama alisoma lile neno mbele ya mwalimu na wazazi wenzake. Sitarudia kwa makusudi, na mkono wangu hautaigusa. Kama ni ukaidi, basi mimi ni mkaidi."

Alikuwa amesimama bila kujijua. Mikono ilikuwa imeshika ukingo wa meza, sauti imenyooka. Bwana Papo Hapo akaangalia saa yake ya mkononi, maana yeye hata akikasirika huangalia saa.

"Kesho kabla ya saa sita," akasema. "Ama hiyo ngoja yako ama wewe. Mmoja wenu atakuwa nje ya jengo hili."

Akatoka. Sista akafunga mlango, akarudi, akamwekea glasi ya maji mezani. "Umeongea vizuri," akasema. "Sasa kaa kabla hujaanguka."

Nyumbani alifika amevimba. Mumewe ni fundi wa mafriji. Alikuwa sebuleni amelifungua friji la mteja, vyuma vimetandazwa mpaka kwenye zulia, jambo ambalo siku nyingine lingezua kesi. Siku hiyo aliviruka tu. Mume akajua kuna neno.

Alipomaliza kusimulia, mama mkwe, ambaye alikuwa anasikiliza huku anapanga vyombo, aliuliza lile lililokuwa linamsumbua siku zote. "Hivi mwanangu, hilo wingu lenu liko wapi hasa?"

"Mbali, mama. Ni kompyuta za watu."

"Sasa huyo bosi anakugombeza wewe kwa vitu vilivyo kwenye kompyuta za watu?"

Mume hakucheka. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mke wangu, iondoe," akasema. "Nakuomba. Wewe umesema, umesikika, inatosha. Hii nyumba inasimama kwa kazi yako, mafriji hayaharibiki kila siku."

Loh! Afadhali angenyamaza. "Na wewe?" akasema Mama Mfumo. "Na wewe tena? Nimetoka kubishana na mwanaume mmoja, naja kukuta mwingine kwangu?" Machozi yakamtoka, ya hasira, akayafuta kwa kiganja kama anayeyatukana. "Siogopi kufukuzwa. Hapana, naogopa, tena naogopa sana! Sijui tutafanyaje. Lakini nikiiondoa, kila simu ikilia popote pale, dukani, barabarani, nitajiuliza kama ni mimi nimeituma. Utaishi na mtu wa hivyo? Mimi mwenyewe sitaweza kuishi naye."

Mume alikitupa kitambaa juu ya friji. Hakuwa amekubali, ilionekana usoni, na hakujifanya amekubali. Akainuka, akamsogezea sahani.

"Basi kula," akasema. "Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe umeshiba."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, naye Mama Mfumo akashindwa kujizuia, kile kicheko chake kikarudi kikiwa kimechanganyika na kwikwi. Alikula. Alilala vibaya, lakini alikula.

Kesho yake Bwana Papo Hapo hakusubiri saa sita. Alikuja mapema, peke yake, akamkuta Mama Mfumo kwenye kiti chake na Sista kwenye kona yake, simu sikioni, anasubiri ipokelewe.

"Umeiondoa?"

"Hapana."

"Basi umechagua mwenyewe."

"Nimechagua." Mama Mfumo alisimama, akakigeuza kiti chake kikamwelekea bosi. "Karibu ukae. Sijafunga kitu wala sijaficha funguo, nisije nikaambiwa nimeuteka mfumo. Kila kitu kiko wazi. Kisanduku ni hiki hapa chenye picha ya saa. Unakibofya, kinakuuliza kama una hakika, unasema ndiyo. Ondoa wewe."

"Mimi si fundi."

"Hakihitaji ufundi. Ndio ubaya wake."

Bwana Papo Hapo alikuwa mtu wa fahari zake, hakuwa wa kurudi nyuma mbele ya wanawake wawili. Alikaa. Akashika kipanya. Kishale kikasogea kwenye kioo mpaka juu ya ile saa, kikasimama.

"Na haya majina pembeni?" akauliza.

"Ndio wanaongoja. Majibu yao ni ya jana jioni. Ukiiondoa saa yanakwenda yote sasa hivi, popote walipo. Papo hapo, kama bango linavyosema."

Alisoma majina yale. Hakuna hata mmoja aliyemjua, na hilo ndilo nataka ulielewe: walikuwa watu tu, wa namba za simu, waliolala usiku ule bila kujua. Kidole chake kilikuwa juu ya kipanya. Mama Mfumo alisimama nyuma ya kiti, akauma midomo yake asiseme neno. Alikuwa amesema yote. Kama angebofya, angechukua mkoba wake na kutoka, alishaupanga mezani.

Hapo ndipo simu ya Sista ilipopokelewa.

"Habari za asubuhi, dada yangu. Naongea kutoka maabara, ni muuguzi. Samahani, naweza kuongea na wewe kidogo? ... Uko wapi hapo? ... Aa, barabarani. Hapana, hapana, usiwe na wasiwasi wala usikimbie, mimi nipo. Tafuta mahali ukae kwanza. Nenda taratibu. Nakungoja."

Kisha Sista akanyamaza, simu sikioni. Haikuwa imekatwa. Kutoka kwenye simu ile, kwa mbali, ilisikika mitaa ya watu: honi, mtu ananadi kitu, hatua za mwanamke anayetembea, pumzi yake. Sista alikuwa anangoja tu, mkono umetulia mezani.

Bwana Papo Hapo akageuza shingo. "Mbona haongei?" akauliza kwa kunong'ona.

"Anamsubiri akae," Mama Mfumo akajibu, na yeye kwa kunong'ona.

"Itachukua muda gani?"

"Muda wake huyo dada. Si wangu wala si wako."

Hatua zile ziliendelea. Zilisimama, zikaanza tena. Mtu huyo huko aliko alimwomba mtu mwingine nafasi, wakasikia, "Samahani, naomba nikae hapa." Bwana Papo Hapo alikuwa amesahau saa yake ya mkononi. Kidole chake kilijiinua chenyewe kutoka kwenye kipanya, polepole, kama mtu anayeogopa kufanya kelele, na mkono ukarudi mapajani. Hakumwangalia Mama Mfumo. Alikaa vilevile kwenye kile kiti cha fundi, kichwa kimeinama kidogo upande wa simu, akangoja pamoja nao.

Mama Mfumo aliona mkono ule ukirudi, macho yakamjaa, na safari hii hakuyafuta.

"Haya," ikasema sauti ya mwanamke kwenye simu. "Nimeshakaa. Niambie."